Mwano kwa Ajili ya Cherehani

Klementina binti Anatoli alikuwa fundi cherehani pembezoni mwa Somanda, pale mji wa Bariadi unapoishia na mashamba ya pamba kuanza, na kabla ya kusema lolote juu ya ufundi wake ni lazima tuseme la mkono wake. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Mteja aliyerudisha suruali akidai imekatwa vibaya, ilhali ni yeye aliyenenepa, alirushiwa kigoda. Muuza vocha wa jirani aliyemwambia kwamba mwanamke wa namna hiyo haolewi alizabwa kofi moja tu, akashinda siku nzima akisikia nyuki sikioni. Hata hivyo watu hawakumkimbia, kwa sababu sketi ya shule iliyoshonwa na Klementina ilivaliwa na dada mtu, ikarithiwa na mdogo mtu, na pindo lake bado lilikuwa halijafumuka.

Hasira zile hakuzaliwa nazo, alilelewa nazo. Baba yake, Anatoli, alikuwa fundi Malampaka, karibu na stesheni ya reli, enzi ambazo chama cha ushirika ndicho kilichonunua pamba yote, na msimu ukifika watu walishuka kwenye treni na hela mfukoni wakiulizia suti. Anatoli alikuwa mtu wa maneno machache na rula ndefu ya mbao. Rula ile ilipima vitambaa, na migongo pia ilipima. Mwanafunzi aliyepinda mshono aliipata begani. Mke aliyechelewesha chakula aliipata. Watoto wake wawili, Mayige na Klementina, waliipata kwa kosa na bila kosa, na Klementina alikua na kovu juu ya jicho lililotokana na shati la padri lililoungua kola.

Mayige ndiye aliyekuwa mkubwa. Klementina hakumwita kaka. Alimwita ilumbu, neno la Kisukuma ambalo dada humwita kaka yake na kaka humwita dada yake, sawa kwa sawa. Rula ilipoinuliwa, Mayige alimlalia ilumbu wake kama kuku anavyofunika vifaranga, mapigo yakamshukia yeye. Baba akishaondoka, Mayige alimgeukia dada yake na kumzaba vibao kwa kumponza, Klementina naye akamng'ata mkono, kisha wote wawili wakaenda kula ugali sahani moja. Katika nyumba ile kupiga kulikuwa namna ya kusema, na walioishi ndani yake waliielewa lugha hiyo kuliko waliokuwa nje.

Klementina aliolewa Nyalikungu, pale Maswa, na karani mmoja wa ginnari, kiwanda cha kuchambulia pamba, aitwaye Januarius, mwanamume mwenye sauti ya upole na ngumi za kificho. Alikuwa akimpiga mahali nguo inapofunika. Klementina alivumilia kidogo, akachoka, siku moja akamjibu kwa mchi wa kinu, na Januarius akaita ndugu zake wakamshikilia ili ampige vizuri. Habari zilipofika Malampaka, Mayige alipanda baiskeli. Alifika Nyalikungu amejaa vumbi, hakusalimu, hakuomba maji. Alimwita Januarius kwa jina lake, na Januarius alipotokeza mlangoni Mayige alimvunja taya. Kisha akachukua godoro la dada yake, akalifunga kwenye kerea ya baiskeli, wakaondoka. Njiani wakagombana nani asukume baiskeli, wakapigana katikati ya barabara mpaka wakachoka, wakakaa juu ya godoro lilelile wakacheka hadi machozi. Klementina alisema baadaye kwamba hakuna siku aliyowahi kupendwa kama ile.

Halafu likaja soko huria. Ushirika ukalegea, wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, na malori hayo hayakuja matupu, yalishusha kwanza marobota ya mitumba. Anatoli alisimama sokoni Malampaka akashuhudia suti ya mzungu, nzima, yenye bitana, ikiuzwa kwa bei ambayo yeye hakuweza hata kununulia vifungo vyake. Alitoa mkasi mfukoni, akapasua robota la kwanza, la pili, akazitupa nguo kwenye tope na kuzikanyaga. Wauza mitumba walikuwa vijana wenye nguvu, na walikuwa wametia mitaji yao mle. Walimpiga mzee yule mateke mpaka mbavu zikaachia. Hakupona. Alikaa anakohoa damu kwenye kitambaa ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekipiga pindo.

Alipoona mambo yake yamekwisha, aliita ukoo. Mbele ya wote alitamka kwamba ng'ombe ni wa Mayige na cherehani ni za Klementina. Watu walitazamana. Wengine walicheka chini chini, maana cherehani zenyewe zilikuwa tatu za zamani, nyeusi, nzito, na kazi ya ushonaji ilikuwa imekufa kabla ya mwenyewe kufa. Mayige alimwonea dada yake huruma, akataka kumpa mtamba mmoja. Klementina akamtukana, akakataa.

Miaka ikageuza mambo. Ukame ulikuja ukafyeka ng'ombe wa Mayige zizini mpaka harufu ikawafukuza watu nyumbani. Alihamia upande wa pili wa mji wa Bariadi na mkewe Nyamizi na watoto, akawa wakala wa kununua pamba. Kazi ile nayo ilikuwa ya vita. Wakala aliweka jiwe kwenye mzani, mkulima akamwaga maji na mchanga kwenye pamba, na siku walipogunduana walipigana kwa mawe yaleyale ya mzani. Mayige alipoteza meno ya mbele, kisha akapoteza kazi. Alibaki akizurura na rafiki yake Salu, mtu wa pikipiki na maneno mengi, wakitafuta dili mjini.

Klementina yeye alibeba cherehani zake tatu akaja Somanda, akapanga chumba chenye kibaraza. Ya kukanyaga kwa miguu ndiyo ilikuwa ya kazi, aliifungulia kibarazani kila asubuhi. Za mkono zilikaa ndani. Moja ilikuwa ya kawaida. Nyingine ilikuwa ndani ya sanduku lake la mbao lenye kifuniko cha mviringo, mwili wake umepambwa maua ya dhahabu na majani mekundu, na kibobini chake cha uzi kiliingia ndani ya kijumba kirefu chenye ncha mbili kama mtumbwi. Anatoli aliinunua kwa Mhindi wa duka aliyekuwa akiondoka, na hakumruhusu mtu aishonee. Alikuwa akiifungua Jumapili, akaipaka mafuta, akaifunga.

Aliyeijua kuwa ni mali alikuwa Goodness, dada mmoja kutoka Moshi aliyekuja Bariadi kufungua chumba cha kompyuta, chenye dishi juu ya bati na jenereta linalonguruma nyuma. Alikuja kupunguza suruali, akaliona sanduku.

"Mama, hiyo kitu unaijua?" aliuliza. "Watu huko nje wanazikusanya hizo. Wanapigania kwenye mtandao."

"Wanazishonea nini?"

"Hawazishonei. Wanaziangalia."

Klementina alidhani anachezewa. Lakini jioni ile alienda kwa Goodness, akakaa mbele ya kioo cha kompyuta, akaonyeshwa. Zilikuwepo, zimepigwa picha kila upande kama bibi harusi, na chini yake bei. Alikodoa macho mpaka yakauma. Nyeusi tupu iliyochubuka ilikuwa rahisi, karibu ya bure. Yenye maua mazima ilikuwa ghali. Yenye kijumba cha mtumbwi ilikuwa ghali zaidi, na yenye sanduku na ufunguo wake, watu walitupiana bei. Goodness alimfundisha kusoma namba iliyogongwa kwenye chuma ili kujua umri wake, na mashine ya Anatoli ikaonekana kuwa na umri wa babu wa Anatoli.

Alifanya kosa moja mapema. Kwa furaha alirudi nyumbani akaichukua ile ya kawaida, akaisugua kwa mafuta ya taa na sufi ya chuma mpaka ikang'aa kama sufuria. Goodness alipoiona alishika kichwa. Maua yaliyobaki yalikuwa yametoka na uchafu. "Umeiosha thamani yake yote, mama," alisema, na Klementina alikasirika sana akaipiga mashine teke, akavimba kidole cha mguu. Ile yenye maua hakuigusa tena ila kwa kitambaa laini kikavu.

Waliiweka mtandaoni. Wa kwanza kujibu alikuwa tapeli aliyetaka atumiwe yeye hela kwanza ya kusafirishia, na Klementina akaamuru aandikiwe tusi la Kisukuma. Halafu akatokea mama mmoja wa Uholanzi mwenye chumba kizima cha mashine za namna ile. Aliuliza maswali mengi ya adabu. Sindano ni ya asili? Sanduku lina ufa? Goodness alitafsiri, Klementina akajibu, picha zikaenda, na bei ikafikiwa: thamani ya ng'ombe watatu wazima. Kwa Klementina hawakuwa ng'ombe. Ilikuwa mashine ya umeme ya kupiga ovaloki kwenye kingo za kitambaa zisifumuke, ambayo bila hiyo hakuna shule iliyompa kazi ya sare, na bila sare angezeeka akitia viraka mitumba ya watu, mitumba ileile iliyomuua baba yake. Alisubiri siku ya kuifunga na kuipeleka Mwanza, na usingizi haukumjia kwa furaha.

Sasa, mji mdogo hauna siri. Salu naye alikuwa akiingia kwenye chumba cha Goodness kutazama mpira, akaiona picha, akasikia kuna mzungu. Na Salu alikuwa na hadithi iliyokuwa ikizunguka vijiweni siku zile: kwamba cherehani za kale zina zebaki nyekundu ndani ya chuma, tone moja utajiri, na ukitaka kujua kama imo sogeza simu karibu na sindano. Mtandao ukikatika, imo. Upuuzi mtupu. Lakini mtu aliyepoteza ng'ombe, kazi na meno ya mbele hana nguvu ya kuukataa upuuzi.

"Ilumbu wako anauza mamilioni kwa bei ya kitoweo," Salu alimwambia Mayige. "Ama hajui, ama anakuzunguka."

Walifika mchana wa jua kali, wakati wa kuvuna pamba, watu wengi wakiwa mashambani. Klementina alikuwa ndani anajaza mkaa kwenye pasi. Alisikia pikipiki ikizimwa, baiskeli ikiegeshwa, akamsikia Mayige akipiga hodi kwa sauti ambayo si yake.

"Mwadila, mayu," alisalimu kwa Kisukuma, mayu kwa maana ya mama.

"Mwadila. Mbona na nyundo?"

Mayige alitoa simu yake, akaisogeza kwenye sindano ya mashine ya kukanyaga, ile ya kibarazani. Mtandao ukakatika. Mtandao wa Somanda wakati ule ulikuwa ukikatika hata mbele ya mbuzi, lakini Salu alipiga makofi. "Si unaona! Imo!"

"Mayige, usiniletee wazimu hapa," Klementina alisema kutoka mlangoni. "Hiyo ndiyo inayonilisha."

"Nikivunja ikawa haina kitu, nitakununulia nyingine. Ikiwa inacho, tunagawana."

"Usithubutu."

Akathubutu. Chuma cha zamani ni kigumu, ila kikipigwa kwa nyundo ya mawe kinapasuka kama chungu. Pigo la kwanza lilikata shingo ya mashine. La pili likaitawanya. Mayige alipiga magoti akachakura vipande vile, akavigeuza, akavinusa, akavikuna kwa kucha. Ndani hamkuwa na kitu ila mafuta meusi na uzi uliooza. Klementina alitazama magurudumu ya mashine iliyomlisha tangu aachane na mume wake yakibingirika kibarazani hadi uani.

"Basi ni ile nyingine," alisema Salu. "Ile ya mzungu."

Mayige aliingia ndani akatoka amekumbatia sanduku. Klementina alikuwa na pasi mkononi, imejaa makaa mekundu. Alimpiga nayo usoni. Kifuniko kikafunguka, makaa na majivu yakamwagikia Mayige machoni, shavuni, shingoni, ngozi ikachanika juu ya jicho na damu ikamshuka ikachanganyika na majivu. Alipiga ukelele, lakini hakuachia sanduku. Alimsukuma dada yake kwa teke la tumbo, akampasua gauni, na damu yake ikamrukia Klementina kifuani. Salu, ambaye ujasiri wake ulikaa mdomoni tu, alikuwa tayari juu ya pikipiki, na hakugeuka nyuma. Mayige alifunga sanduku kwenye kerea kwa kamba za mpira, akapanda baiskeli akiwa nusu kipofu, akashika njia ya mashambani kuelekea mtoni.

Hapo ndipo mambo yangeweza kwisha kama yalivyokwisha siku zote. Klementina angekaa chini, angelia, angevunja kitu. Kesho yake angevuka mji mpaka kwa Mayige, wangetwangana mbele ya Nyamizi, na mashine ingerudi. Vipande viwili hivi vya Anatoli vilikuwa vimepigana maisha yao yote na kila mara vikarudi sahani moja. Lakini Klementina aliiona ile kerea ikipotea kwenye pamba, akaona ovaloki yake ikipotea nayo, na akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alitoka nje, akajaza kifua, akapiga mwano.

Asiyekulia Usukumani aelezwe. Mwano ni ukelele wa kuita watu, sauti ya juu inayokatwakatwa kwa kiganja mdomoni, na anayeusikia huacha jembe, huacha chakula, hushika rungu au upinde na kukimbia. Asiyetoka, sungusungu, jeshi la jadi la ulinzi wa kijiji, humtoza faini, na wenzake humtenga mpaka hata moto hakuna wa kumpa. Hakuna anayeuliza kuna nini. Maswali huulizwa mbele ya safari, na mara nyingi hayaulizwi. Kwa sababu hiyo mwano una miiko. Ni wa ng'ombe walioibwa, ni wa damu, ni wa moto. Ugomvi wa ndugu na ndugu hupelekwa kwa wazee wa ukoo. Hakuna mtu mwenye akili zake anayempigia mwano mtoto wa mama yake, na Klementina alilijua hilo tangu angali mgongoni.

Shamba la kwanza likaitikia, kisha la pili. Filimbi zikalia ng'ambo ya bonde. Wanaume waliinuka katikati ya pamba nyeupe kama waliochipuka ardhini, wakaanza kukimbia. Waliokuwa karibu walimwona mama fundi amepasuka gauni na damu kifuani, wakapokezana kwamba ameibiwa na kukatwa. Damu ilikuwa ya Mayige, nani angejua? Bondeni habari ilifika kwamba amechomwa kisu. Ng'ambo ilifika kwamba fundi ameuawa, na muuaji anaelekea mtoni na baiskeli.

Klementina alisikia filimbi zinavyojibizana, na hasira yote ikamtoka mara moja kama maji yanavyotoka kwenye mtungi uliopasuka. Akaanza kukimbia. "Mwacheni!" alipiga kelele. "Ni ilumbu wangu! Mwacheni!" Maneno hayasikiki mbali. Kinachosikika mbali ni sauti ya mwanamke anayekimbia akilia, na katika nchi ile sauti hiyo ina maana moja tu. Kila alipopita, waliokuwa bado wamesimama walinyanyua marungu. Wazee waliokuwa wamekaa walinyanyuka. Aliona kundi jipya likitoka kwenye miti ya upande wa kulia kwa kuitikia kelele zake za sasa, zile za kuzuia, akaelewa. Akaufunga mdomo wake kwa mikono miwili, akaendelea kukimbia hivyo, kimya, anapumulia pua, anajikwaa.

Mayige alikuwa ameusikia mwano kabla ya kufika nusu ya njia. Hapo mwanzo hakuamini kwamba ni wake. Alipoona watu wanakata kona kumwelekea, alijua, na kwa kuwa alijua mwano haujadiliwi, alikanyaga baiskeli kwa nguvu zote. Kukimbia kukawa ushahidi. Mtoni maji yalikuwa yamekauka, umebaki mchanga mtupu, na gurudumu la mbele likazama. Alishuka akalivuta. Mshale wa kwanza ulimwingia pajani.

"Mimi ni wa kwao!" alisema. "Ile nyumba ni ya ilumbu wangu! Muulizeni!"

Wezi wote husema hivyo. Watu wale walikuwa wamemwona Mayige mara nyingi akija kwa dada yake. Wawili kati yao walishawahi kunywa naye pombe. Lakini uso uliokuwa mbele yao ulikuwa wa majivu, damu na malengelenge, jicho moja limefumba, na hakuna aliyemtambua. Rungu la kwanza lilimpiga bega. La pili lilivunja mkono aliouinua. Baada ya hapo hayakuwa marungu ya mtu mmoja mmoja. Mmoja wao, mwanamume mstaarabu, alifungua kwanza zile kamba za mpira, akaliteremsha sanduku kwa mikono miwili na kuliweka juu ya nyasi pembeni, lisije likapigwa.

Klementina alipofika, walimpisha. Kamanda wa sungusungu, mzee Bujiku, mtu mnyoofu asiyewahi kula faini ya mtu, alimfuata akihema.

"Pole, mayu. Tulisikia umeuawa, tunamshukuru Mungu. Mtu wako huyu hapa. Na mali yako ile pale, haina hata mkwaruzo."

Alimpita. Alipiga magoti mchangani, akashika gauni lake akaanza kuufuta ule uso, polepole, majivu kwanza, halafu damu, na kadiri ulivyotokea, watu waliosimama mbele walianza kurudi nyuma. Mmoja wa wale wawili waliowahi kunywa naye aliachia rungu lake likaanguka. "Huyu si Mayige?" aliuliza.

Mayige alikuwa bado anapumua. Alifungua jicho lililobaki, akamwona.

"Ilumbu," alisema. "Ile ya kukanyaga haikuwa na kitu."

"Nyamaza."

"Salu mwongo."

"Nyamaza, nimekusamehe, nyamaza."

Akanyamaza. Klementina aliinuka akamrukia Bujiku kwa ngumi, kifuani, usoni, akampasua mdomo, na mzee yule alisimama tu akapigwa, mikono imelegea. Damu ilimtoka kidevuni, hakuifuta.

"Mayu," alisema alipopata nafasi, "ulituita. Tukaja."

Mkono wa Klementina ukabaki hewani. Katika maisha yake yote hakuwahi kukosa jibu la kupiga, na sasa hakulipata.

Walileta mkokoteni wa ng'ombe. Mayige alilazwa juu yake, na kwa kuwa mali iliyookolewa hurudishwa kwa mwenyewe, waliweka na sanduku kando ya miguu yake. Alikata roho kabla hawajafika barabarani. Tuliseme kabisa la mashine ile ili limalizike: baadaye iliuzwa. Goodness aliifunga mwenyewe, akaipeleka Mwanza mwenyewe, na yule mama wa Uholanzi akaandika kushukuru kwamba imefika salama na kwamba ni nzuri kuliko picha. Hela yote ilinunua ng'ombe, na ng'ombe waliswagwa hadi kwa watoto wa Mayige. Polisi nao walikuja, wakawachukua wanaume kadhaa, wakawarudisha, maana kila mmoja alisema alipiga mara moja tu na alikuta wengine wanapiga. Klementina alienda kituoni mara nyingi kuomba afungwe yeye. Walimwambia kupiga kelele si kosa.

Lakini jioni ile hayo yote yalikuwa bado. Mkokoteni ulisimama uani kwake, katikati ya vipande vya mashine iliyovunjwa. Ni desturi kwamba aliyeokolewa kwa mwano huwapa chakula waliokuja, na wanawake wa jirani, waliokuwa bado hawajajua kilichomo mkokotenini, walikuwa wameshabandika sufuria kubwa ya ugali. Wanaume walikaa chini ukutani na silaha zao. Hakuna aliyethubutu kuondoka, kwa kuwa wa kwanza kuondoka angeonekana kama mkosaji. Ugali ulipakuliwa, ukaletwa mbele yao, ukapoa.

Nyamizi, mke wa Mayige, aliletwa kwa baiskeli ya jirani. Alikuwa ameambiwa njiani kwamba mumewe amepigwa na sungusungu, ila hakuambiwa zaidi. Alishuka, akaenda moja kwa moja kwenye mkokoteni, akafunua khanga aliyofunikwa mumewe, akatazama. Kisha akawageukia wanaume wale, mmoja baada ya mwingine, akawatazama marungu yao na mikono yao.

"Nani alipiga mwano?" aliuliza.

Bujiku alitazama chini. Wanawake walishika vifua.

"Nauliza, badugu, ndugu zangu. Mume wangu aliiba nini, kwa nani? Nani aliyepiga mwano?"

"Mimi," alisema Klementina.

Nyamizi alimsogelea mpaka wakawa karibu wagusane. Klementina hakurudi nyuma. Alishusha mikono yake ubavuni, akanyanyua uso, akafumba macho, akangoja. Aliungoja mkono wa Nyamizi kwa moyo wake wote, kofi, ngumi, jiwe, chochote kitakachomwambia kwamba bado ni mtu wa kwao. Alipofumbua macho, Nyamizi alikuwa amemwacha, amekwenda kumwomba mwenye ng'ombe amsaidie kumpeleka mumewe nyumbani, na mkokoteni ulikuwa unageuzwa.